Kichocheo kipo, mafuta yako wapi?

Katika kila kilo 100 za pamba ambazo mkulima wa Bunda hupeleka kwenye ghala la chama cha ushirika (AMCOS), nyuzi ni kilo 33 hadi 36 hivi. Zinazobaki, ukiondoa takataka kidogo, ni mbegu. Malumbano yote ya msimu, kuanzia bei hadi mizani na pembejeo, huhusu kile kilicho cheupe. Mbegu hupakiwa kwenye malori bila kelele: sehemu humrudia mkulima ili apande msimu ujao, sehemu kubwa huenda kwa wakamuaji. Ndani yake mna mafuta, asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa mbegu, na katika kuyasafisha mafuta hayo hutoka taka ambayo kikemia haiko mbali na dizeli.

Wazo linavutia, na sababu ziko wazi. Tanzania hununua nje kila lita ya dizeli, tena ikiwa imekwisha kusafishwa, kwani kiwanda cha TIPER cha Kigamboni kilichoanza kazi mwaka 1966 kiliacha kusafisha mafuta mwaka 1999 kikabaki kuwa maghala. Kutoka bandarini Dar es Salaam hadi Musoma ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na anayelipia safari hiyo ni mwenye trekta wa Bunda, mwenye karasha la dhahabu kule Buhemba, na abiria wa kivuko cha Kisorya anayevuka kwenda Rugezi, Ukerewe. Kama dizeli inaweza kutoka kwenye mabaki ya mbegu ya hapa hapa, kwa nini isitoke?

Kutoka inatoka. Hutengenezwa kila siku Finland, Singapore na Italia, na kemia yake haina siri tena. Kwa mkoa wa Mara swali ni jingine: itoke kwa mafuta yapi, kwa kichocheo kipi, na ikitoka nani atakosa alichokuwa akikipata.

Dizeli za mimea ni mbili, na mijadala mingi hupotea njia kwa kuzifanya moja. Ya kwanza ni bayodizeli. Molekuli ya mafuta ya kula ni asidi tatu za mafuta zilizoshikwa na glisirini moja. Ukiyachanganya mafuta na methanoli, ukatia kichocheo rahisi kama kostiki soda na kuyapasha hadi nyuzi 60 za sentigredi, asidi zile huiacha glisirini na kushikamana na methanoli. Glisirini huzama, bayodizeli huelea. Pipa, mwiko wa chuma na mtu mwangalifu vinatosha. Lakini bidhaa hiyo bado ina oksijeni ndani yake. Hunyonya maji, huchacha ikikaa sana, hulainisha mipira ya injini za zamani, na watengenezaji wengi wa magari huiruhusu ikiwa tu imechanganywa kidogo kwenye dizeli ya kawaida.

Ya pili ndiyo dizeli jadidifu kwa maana kamili. Hapa methanoli haina kazi. Mafuta husukumwa pamoja na gesi ya hidrojeni yapite juu ya punje za kichocheo, kwa kawaida nikeli na molibdenamu zilizotandazwa juu ya alumina, katika joto la nyuzi 300 hadi 400 na mgandamizo wa mara 30 hadi 100 ya ule wa hewa tunayovuta. Hidrojeni huinyakua oksijeni na kutoka nayo ikiwa maji. Sehemu nyingine ya oksijeni huondoka kama kaboni dioksaidi. Hata glisirini haibaki: hugeuka propani, gesi ile ile iliyomo katika mitungi ya kupikia. Kinachopatikana ni haidrokaboni tupu, na injini haiwezi kuitofautisha na dizeli ya visimani isipokuwa kwa kuwa huwaka vizuri zaidi. Namba yake ya setani, kipimo cha wepesi wa kuwaka, hupita 70, wakati ile ya kituo cha mafuta huwa karibu na 50. Tani moja ya mafuta ya mimea hutoa zaidi ya kilo 800 za dizeli hiyo, yaani lita 1,000 na ushei. Kampuni ya Neste ya Finland ilianza kuiuza kutoka Porvoo mwaka 2007, ikajenga Singapore mwaka 2010 na Rotterdam mwaka 2011. Eni ya Italia ilikigeuza kiwanda chake cha petroli cha Venice mwaka 2014, kisha kile cha Gela, kisiwani Sicily, mwaka 2019.

Maelezo ya kiwandani huishia hapo, kana kwamba bidhaa ikishatoka kwenye bomba kazi imekwisha. Kwa Musoma haijaisha. Haidrokaboni zinazotoka katika hatua ya kwanza ni minyororo iliyonyooka ya kaboni 15 hadi 18. Ule wa kaboni 17 huganda kwenye nyuzi 22, wa kaboni 18 kwenye nyuzi 28. Usiku kando ya ziwa joto hushuka chini ya nyuzi 20. Lori lililojazwa mafuta hayo jioni lingeamka na nta kwenye chujio la dizeli, na dereva angeanza kumtafuta mchawi. Ndiyo maana viwanda huyapitisha mafuta kwenye kichocheo cha pili, chenye platinamu, kinachoipinda minyororo hiyo iote matawi ili isigande. Watu wa Finland hufanya hivyo kwa kuogopa theluji. Sisi tungelazimika kufanya hivyo, au kuchanganya na dizeli ya kawaida kwa wingi, kwa kuogopa alfajiri ya Juni.

Halafu kuna hidrojeni. Tani moja ya mafuta hula kilo 30 hadi 40 za gesi hiyo, na mafuta ya pamba, ambayo asidi zake nyingi hazijashiba, hukaa upande wa juu wa kipimo. Duniani hidrojeni nyingi hutolewa kwenye gesi asilia. Tanzania inayo gesi asilia, lakini iko Songo Songo na Mnazi Bay, na bomba linaishia Dar es Salaam. Njia nyingine ni kuyapasua maji kwa umeme. Kilo moja ya hidrojeni kwa njia hiyo hutaka uniti 50 na zaidi. Chukua kilo 35 kwa tani: ni kama uniti 1,850. Uniti ikiwa shilingi 200, hidrojeni peke yake ni shilingi 370,000 kwa tani ya mafuta, kama shilingi 350 kwa kila lita ya dizeli itakayotoka. Fedha hiyo inavumilika. Kisichovumilika ni chombo chenyewe. Hidrojeni yenye moto wa nyuzi 350 na mgandamizo wa mara 50 hupenya ndani ya chuma cha kawaida na kukifanya kipasuke kama kigae. Mafundi wa Musoma wanachomelea boti, matrela na matangi ya maji kwa ustadi, lakini hili si tangi la kuchomelewa uani. Ni mtambo wa aloi maalumu, wenye kompresa, vipimo vya uvujaji na wahandisi wa zamu usiku na mchana, na gharama yake haipungui kwa sababu mafuta ya kuulisha ni machache.

Kichocheo nacho kina tabia zake. Sodiamu, kalisi, fosforasi na klorini hukiua. Fosforasi imo ndani ya utomvu wa mafuta ghafi. Sodiamu huingia mafuta yakisafishwa kwa kostiki. Vikizidi sehemu chache kwa milioni, huziba vitundu vya punje na kichocheo kilichopaswa kudumu mwaka au zaidi hufa ndani ya miezi. Kuna kichekesho pia. Nikeli na molibdenamu hufanya kazi zikiwa katika hali ya salfaidi, na mafuta ya mimea hayana salfa, kwa hiyo kiwanda hulazimika kuingiza salfa kidogo ili kichocheo kisilegee. Afrika Mashariki ilishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Mtengenezaji wa dizeli safi kabisa hununua salfa kwa pipa.

Haya yote yana majibu. Tatizo lisilo na jibu la kihandisi ni wingi wa mafuta.

Tufanye hesabu ya pamba. Tani 1,000 za pamba yenye mbegu, kwa mavuno ya kilo 300 kwa ekari ambayo ndiyo hali ya wakulima wengi wa kanda hii, ni shamba la ekari 3,300 hivi. Baada ya kuchambua na kutoa mbegu ya kupanda, tuseme tani 600 zinakwenda kukamuliwa. Kinu cha skrubu hakitoi mafuta yote. Kikitoa asilimia 12 kimefanya vizuri. Ni tani 72 za mafuta ghafi. Mafuta ghafi ya pamba ni mekundu meusi na yana gosipoli, rangi yenye sumu, kwa hiyo lazima yasafishwe. Mkamuaji huyapasha moto kiasi, humwagia kostiki iliyoyeyushwa katika maji na kuendelea kukoroga. Mwanzoni huoni kitu. Halafu vijipunje vyeusi huanza kujitenga, vinashikana, vinakuwa mabonge, na ukizima mashine vinazama. Juu hubaki mafuta ya rangi ya dhahabu, chini tope jeusi la sabuni lenye maji nusu, harufu kali na mafuta kidogo yaliyonaswa. Tope hilo ndilo taka yetu. Mafuta yaliyomo, ukiyakomboa, ni kama asilimia 4 ya mafuta ghafi: tani 3.

Tani 3 ni lita 3,000 na kidogo za nishati. Trekta likilima kwa plau hutumia lita 8 hadi 10 kwa ekari. Kwa maneno mengine, taka ya ekari 3,300 za pamba inaweza kulima ekari 350 hivi, sehemu ya kumi ya shamba ililotoka. Hiyo ni kama kila mkamuaji angesafisha mafuta yake yote, jambo ambalo halifanyiki. Wadogo wengi huchuja na kuuza.

Panua sasa hadi nchi nzima. Mavuno ya pamba ya Tanzania katika misimu ya karibuni yamekuwa yakipanda na kushuka kati ya tani 120,000 hivi na 350,000. Uchukue msimu ule mnono kuliko yote: mafuta ghafi kama tani 25,000, na katika tope la sabuni tani 1,000. Kiwanda cha Gela kina uwezo wa kumeza tani 750,000 kwa mwaka. Taka ya pamba ya nchi nzima kingeimaliza kati ya asubuhi na jioni. Mafuta yote ya pamba ya nchi, taka na yasiyo taka, yangekitosha siku 12.

Na hata hizo tani 3 za ekari 3,300 hazizaliwi zote Mara. Jineri ziko Bunda, lakini wakamuaji wakubwa wa mbegu wako Mwanza na Shinyanga. Mbegu huvuka mpaka wa mkoa kabla haijatoa hata tone. Anayepanga mtambo wa mabaki Musoma ajue kwamba atanunua mabaki hayo Mwanza na kuyarudisha kwa lori linalokunywa dizeli.

Basi kwa nini tusitumie mafuta yenyewe badala ya taka yake? Kwa sababu hatuna ya kula. Takwimu zilizokuwa zikitolewa na serikali miaka ya 2020 na 2021 zilitaja mahitaji ya tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka na uzalishaji wa tani 205,000. Pengo hujazwa na mawese ya Malaysia na Indonesia. Lita ya mafuta ya kula dukani ni ghali kuliko lita ya dizeli kituoni. Anayechoma mafuta ya pamba kwenye injini anachoma noti kubwa ili aokoe ndogo, na hakuna kichocheo kitakachoirekebisha hesabu hiyo.

Tunarudi kwenye taka, na hapa ndipo uchambuzi mwingi wa wataalamu wageni hukosea. Hudhani taka ni kitu kisicho na mwenyewe. Tope la sabuni lina mwenyewe: ni mtengeneza sabuni. Jina lake lenyewe linasema, ni sabuni iliyokwisha kuanza; ukiongeza kostiki, chumvi na mafuta kidogo, unapata kipande cha kufulia kinachouzwa gulioni. Ukija na bei ya juu kwa ajili ya dizeli, umempandishia mama wa Butiama bei ya sabuni. Labda ni sawa, labda si sawa, lakini lazima liandikwe kwenye hesabu.

Mafuta yaliyokwisha kukaangia nayo ni hivyo hivyo. Ulaya na Marekani dizeli jadidifu imesimama kwa sehemu juu ya mafuta ya mikahawa, yanayomwagwa mara kwa mara. Nenda Mwigobero, kando ya ziwa pale mjini Musoma, usimame kwa mkaangaji wa samaki. Karai halimwagwi. Asubuhi huongezewa mafuta mapya juu ya ya jana, na yakipungua huongezewa tena. Yakishakuwa meusi kabisa na kuanza kutoa povu, humaliziwa kwenye kazi nyingine: kupaka mbao, kuwashia mkaa, kulainishia mnyororo wa baiskeli. Nisingependa kula samaki wa siku ya tano, na daktari angesema hivyo hivyo, lakini mkusanyaji wa mafuta machafu hatapata dumu hapo bila kumnunulia mkaangaji mafuta mapya.

Yapo pia mafuta ya sangara. Si ya mimea, ila kichocheo hakibagui. Neste hutumia mafuta ya mabaki ya samaki bila shida. Viwanda vya minofu vya Musoma hutoa mapanki, na mafuta ya tumboni mwa sangara ni mengi. Nayo yana mnunuzi: huyeyushwa na kukaangia, na mapanki yenyewe huliwa au kwenda kwenye chakula cha kuku. Mwisho wa siku Mara ni mkoa ambao karibu hakuna mafuta yanayotupwa. Umaskini umefanya kazi ya mazingira kabla wanamazingira hawajafika.

Majirani zetu Wakenya wametangulia katika jambo hili, na njia yao inafaa kutazamwa. Eni, ambayo kupitia Agip ndiyo iliyokuwa mbia wa TIPER yetu, ilifungua kituo cha kukamulia mbegu Makueni mwezi Julai 2022, kwa ajili ya nyonyo, mbegu za krotoni na pamba. Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ya mafuta ilikwenda Gela. Kampuni hiyo hukusanya pia mafuta yaliyotumika katika hoteli na mikahawa ya Nairobi. Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi kwenda Amsterdam ikiwa na mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya aina hiyo kutoka viwanda vya Eni vya Italia. Mpango wa kukigeuza kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoacha kusafisha petroli mwaka 2013, uliwekwa kwenye makubaliano tangu 2021.

Wapo wanaouona mfano huo kama njia ya Mara: tukamue, tusafirishe, wengine wafanye hatua ngumu. Kibiashara ina mantiki, kwa sababu hidrojeni na vichocheo vya platinamu viko kule na wateja wako kule. Sheria ya Ulaya ya nishati jadidifu ya mwaka 2018 huruhusu nishati ya mafuta yaliyotumika jikoni ihesabiwe mara mbili katika malengo ya nchi, na matokeo yake ni kwamba mafuta machafu hufikia kuuzwa ghali kuliko mapya. Hapo kishawishi cha kuyachafua mapya makusudi hakiko mbali, na Ulaya kwenyewe wamekuwa wakilalamikia hilo. Lakini katika njia hiyo Mara itabaki na mashudu na makaratasi ya uthibitisho, na dizeli ya trekta la Bunda itaendelea kutoka Dar es Salaam. Swali la nishati ya Mara halijajibiwa; limebadilishwa kuwa swali la mauzo ya nje.

Tanzania ilikwisha kupita kwenye mauzo ya aina hiyo. Kati ya 2005 na 2010 mbono kaburi, mmea wenye mbegu za mafuta, uliahidiwa kuwa dhahabu ya kijani. Sun Biofuels ilichukua zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe na kusimama mwaka 2011. BioShape ilichukua ardhi kubwa zaidi Kilwa na kuiacha. Serikali ilitoa miongozo ya nishati mimea Novemba 2010, baada ya mengi kuharibika. Nisingerudia kisa hicho kama si kwa sehemu yake moja ndogo isiyosimuliwa sana: Engaruka, wilayani Monduli, shirika la TaTEDO lilifunga injini moja inayokwenda kwa mafuta ya mbono, ikikoboa nafaka. Ilikuwa ndogo, mafuta yakitoka jirani na mashine, na mwenye mashine akimjua mwenye mbegu.

Udogo huo ndio unaoifaa Mara, na kwa udogo huo vichocheo vingine hupata nafasi. Tope la sabuni likipigwa na asidi ya salfuriki huachia asidi za mafuta, nyeusi lakini zinazotumika. Kwa malighafi kama hiyo kostiki haifai, kwani hukurudisha kwenye sabuni uliyotoka. Chokaa iliyochomwa kutokana na makombe ya kome wa ziwani, ambayo watafiti wengi huipenda kwa urahisi wake, nayo hukwama kwa sababu ile ile: kalisi hushikana na asidi na kuwa sabuni ngumu. Chokaa ni ya mafuta yenye asidi kidogo. (Wachina wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakiwa hawana petroli, waliigeuza kasoro hiyo kuwa njia: walitengeneza kwa makusudi sabuni ya kalisi ya mafuta ya mti wa tung, wakaichoma ndani ya tangi lililofungwa na kukinga mvuke wake kuwa mafuta ya injini. Yalikuwa machafu na yakinuka, lakini malori yalitembea.)

Kinachofaa asidi za mafuta ni kichocheo chenye asidi ndani yake, na cha bei rahisi kipo. Mwaka 2005 watafiti wa Kijapani walieleza katika jarida la Nature jinsi sukari iliyounguzwa nusu ikawa makaa, kisha ikapikwa katika asidi ya salfuriki, inavyogeuka kuwa unga mweusi unaounganisha asidi za mafuta na pombe, na unaoweza kuchujwa na kutumiwa tena. Badala ya sukari, maganda ya mbegu za pamba yanaweza kujaribiwa, na Butiama sasa ina mahali pa kujaribia: Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Hii ni kazi ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili, si ya mwekezaji.

Pombe ndiyo kikwazo kilichobaki. Methanoli huagizwa nje na ni sumu inayopofusha. Sitaki kuiona ikikaa kwenye madumu vijijini. Ethanoli ni bora. Mbelgiji G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels, aliyepata hataza yake mwaka 1937, alitumia ethanoli na mawese ya Kongo, na mwaka 1938 basi likaenda kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta hayo. Hiyo ndiyo bayodizeli ya kwanza yenye kumbukumbu, na jasho lake lilikuwa la Wakongo. Mara ina mihogo tele na watu wanaojua kuigeuza kuwa gongo bila kufundishwa. Ila gongo, hata ile kali, imejaa maji, na kuichemsha tena na tena hakuipitishi asilimia 95 na kitu. Maji hayo ya mwisho lazima yanyonywe, na chokaa iliyochomwa, ambayo tuliinyima kazi ya kichocheo, ndiyo hasa inayoyanyonya.

Kisha mtambo huo mdogo uwe wapi? Mimi ningeuweka kwenye njia ya kwenda Serengeti. Bunda ndiko kulikolala ukanda wa magharibi wa hifadhi, na lango la Ndabaka liko kando ya barabara ya Mwanza. Kambi na hoteli za porini hukaanga kila siku kwa wageni wasiokubali mafuta ya juzi, haziruhusiwi kumwaga mabaki ovyo hifadhini, na nyingi huendesha jenereta na magari ya dizeli. Hapo, na pengine hapo tu katika eneo lote hili, mwenye taka na mwenye injini ni mtu mmoja. Hakuna mtengeneza sabuni anayenyang'anywa, na asidi katika mafuta ya jikoni la hoteli huwa ndogo kiasi kwamba kichocheo cha kostiki, au chokaa ile ya kome, kinatosha. Lori linalopeleka vyakula kambini hurudi tupu. Lirudi na madumu. Kiasi hakitakuwa kikubwa. Kitatosha kuchanganywa kwenye tangi la jenereta, ambayo ni injini isiyokwenda mbali na fundi wake.

Tope la pamba lisubiri vipimo. Hakuna anayeweza kusema bei yake ya haki bila kujua lina asidi kiasi gani, sodiamu kiasi gani na maji kiasi gani, na vitu hivyo hubadilika kwa msimu. Asidi hupimwa kwa bureti, kostiki iliyopimwa na matone ya fenolftalini; mwanafunzi wa kidato cha sita anaiweza. Ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei, na mbegu huanza kuwafikia wakamuaji wiki chache baadaye. Sampuli za kwanza zichukuliwe hapo, na nyingine kila mwezi hadi maghala yaishe, kwa sababu mbegu iliyokaa kwenye unyevu hupandisha asidi, na mafuta ya Desemba si yale ya Juni.